Kiishio Kimoja cha Bi Immenkamp

Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024, saa sita kamili mchana, Bi Roswitha Immenkamp alifunga Dirisha Namba Mbili la Ofisi ya Vitenzi ya Wülfersrode kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na moja na miezi mitano ya utumishi. Alianza kazi Jumatatu ya tarehe 2 Mei 1983, na katika muda wote huo hakuchelewa hata siku moja. Siku treni ilipogoma alikuja kwa baiskeli, akafika mapema mno, akakaa nje mvuani kusubiri saa yake ya kuanza.

Mkuu wetu, Bwana Tesch, ameniomba mimi, Detlef Ahlborn wa Dirisha Namba Tatu, niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa jirani yake miaka ishirini na tatu, tukitenganishwa na kioo na ua moja la plastiki. Ameniomba pia nisirefushe maneno. Nitajaribu.

Kwa faida ya wageni wetu: mwananchi akitaka kutumia kitenzi huja nacho hapa kikiwa kizima. Kikiwa mkorofi, cha kubadilika umbo kila kikiguswa, huletwa kwangu nikinyooshe mzizi. Kikiwa mtulivu huenda moja kwa moja kwa Bi Immenkamp. Yeye hukata -en ya mwishoni kwa mkasi, kisha hubandika kiishio kinachomfaa mtendaji: -e ya mimi, -st ya wewe, -t ya yeye, -en ya sisi, -t ya ninyi, -en ya wao. Kitenzi spielen, kucheza, kilitoka dirishani pake kikiwa spiele, spielst, spielt, kimepangwa na kugongwa muhuri, kwa sekunde tisa. Hata vitenzi vyangu vikorofi vilikuwa vikimalizikia kwake, maana makabati yote ya viishio yalikuwa chini ya ufunguo wake.

Juu ya meza yake palikuwa na chupa ya jamu iliyojaa herufi e. Hizo zilikuwa za mizizi inayoishia kwa t au d, ambayo haibandikiki bila e katikati. Mwaka 1994 mwoka mikate Ewald Kruse alikataa ya kwake. “Mie sihitaji hiyo e! Mnatubebesha mizigo ya bure tu!” Akaondoka na arbeit- yake, yaani mzizi wa kufanya kazi, akaibandika -t mwenyewe huko nje. Ulimi ukamkwama kati ya t mbili. Hadi saa ya chakula cha mchana alikuwa amesimama mbele ya duka lake akifanya t-t-t-t kama taipureta, mpaka mkewe akamrudisha amemshika mkono. Bi Immenkamp alifungua chupa, akampa e moja. “Ni bure, Bwana Kruse,” alimwambia. “Hata asubuhi ilikuwa bure.”

Sasa niseme kasoro yake, maana wasifu usio na kasoro ni tangazo la biashara. Lugha yetu ina wewe wawili. Kuna du, wewe wa mtu wa karibu, anayedai -st. Na kuna Sie, wewe wa heshima na umbali, anayetumia -en kama wao, na ambaye hapa namwandika kwa m- ya ninyi. Du haichukuliwi tu. Mkubwa ndiye humpa mdogo, na ikishatolewa hairudishwi. Ofisini kwetu tumepeana wote. Bwana Tesch alinipa yake kwenye sherehe ya kiangazi, soseji mkononi. Bi Immenkamp, aliyegawa -st kwa mji mzima, hakumpa mtu. Kwake -st ilikuwa mali ya umma. “Bwana Ahlborn,” alinijibu siku nilipomdokezea, “mkianza na kimoja, kesho mtataka viwili.” Hata kwa paka wake alisema, “Bwana Mucki, naomba mshuke mezani.”

Ananizidi miaka saba, kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kusubiri. Nasema wazi kwamba iliniuma, na sababu yake ni Januari 2003.

Nilikuwa bado mgeni kazini, nikatumwa kuagiza viishio kiwandani. Nikaandika kwenye fomu: “40,000 st.” Kila mtu hapa kwetu anajua kwamba kwenye fomu hiyo ni kifupi cha Stück, yaani “vipande”. Kiwanda kikasoma vipande elfu arobaini, vya chochote, kikatuletea walichokuwa nacho kwa wingi, yaani -en. Lori lilipomaliza kushusha mzigo, Wülfersrode haikuwa na -st hata moja. Mume na mke walianza kuitana Sie. Kruse aliomba chumvi mezani kwake: “Bi Kruse, naomba mnipitishie.” Mkewe akamjibu, “Kwani ninyi ni nani hasa?” Watoto waliwasalimu bibi zao kama mahakimu. Mji ukapoa kabisa.

Bi Immenkamp alijifungia na kamusi siku tatu. Alipotoka alibandika tangazo mlangoni: mzizi unaoishia kwa s, ß au z tayari una s yake, hivyo kwa du unatosheka na -t tupu. Na -t tulikuwa nazo. Kwa wiki tatu, basi, watu wetu waliweza kuambiana du kwa vitenzi vichache tu: tanzen, kucheza dansi, reisen, kusafiri, grüßen, kusalimu, putzen, kusugua, na küssen, kubusu. Kupenda hakukuwezekana, maana lieben inadai -st, lakini sikumbuki aliyelalamika. Nyumba ziling'aa, ukumbi wa dansi ulijaa, na Oktoba hospitali iliomba mkunga wa pili.

Barua ya onyo ilipofika kutoka wilayani, aliisaini yeye. “Dirisha ni langu,” alisema, “na kosa lililopita dirishani ni langu.” Hakulitaja tena. Nilitaka kumshukuru kama rafiki anavyomshukuru rafiki, nikabaki kumwambia Bi Immenkamp, asanteni sana.

Siku ya kumuaga tulikuwa na saladi ya viazi, mvinyo wa mapovu na hotuba ya Bwana Tesch, ambayo ilikuwa ndefu. Ilipoisha, Bi Immenkamp alitoa mkobani karatasi tatu: Ombi la Kiishio kwa Matumizi Binafsi. Fomu hiyo hakuna aliyewahi kuiona imeidhinishwa, kwa kuwa aliyepaswa kuikagua ni yeye, na alikuwa akizikataa zote. Hii ilikuwa ya tarehe 10 Septemba, siku kumi na nne za kazi kamili kabla, kama kanuni inavyodai, na Bwana Tesch alikuwa ameidhinisha baada ya kulazimishwa kuisoma mara mbili. Mwombaji: Immenkamp. Kiishio: -st, kimoja.

Akakaa dirishani pake. Akachukua kitenzi fehlen, akakikata -en, akabandika -st yake, akagonga muhuri. Fehlen ni kitenzi kitulivu kabisa, ila katika lugha yetu anayekosekana ndiye mtendaji. Kisha akakipitisha chini ya kioo, upande wangu.

“Du fehlst mir, Detlef.” Nakukosa, Detlef.

Nilifungua mdomo nijibu, nikagundua kwamba sina kiishio. Alikuwa ameshamkabidhi mkuu ufunguo, na makabati hayafunguliwi bila fomu.

“Jibu basi, bwana!” Tesch akanihimiza.

“Nijibu na nini? Sina -st!”

“Si utumie ile ya kubusu,” mpishi wa kantini akasema kutoka nyuma. “Hiyo haidai!”

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bi Immenkamp naye akacheka, na mimi nilikuwa nimelowa macho mpaka saladi ikawa na chumvi nyingi.

Kwa hiyo shukrani zetu zinakwenda kwa vitenzi vilivyoruhusiwa. Roswitha, safiri mbali. Cheza dansi. Msalimu dada yako wa Bremen. Sugua kidogo tu. Kile cha tano nimekiacha, kwa heshima ya wasomaji wa jarida hili. Sisi sote ofisini tunakutakia siku njema, na msahihishaji asiniguse hiyo -ku-, nina kibali chako. Mtendaji wa kutakia ni sisi, na -en ya sisi bado imejaa ghalani tangu 2003.

Fomu yangu niliiwasilisha Jumanne tarehe mosi Oktoba, nakala tatu, na kitenzi ni kilekile. Siku kumi na nne za kazi, ukiondoa sikukuu ya Muungano ya tarehe tatu, zinaishia Jumanne tarehe 22. Nitakuletea kwa mkono, saa ya kahawa. Weka vikombe viwili.