Siku Niliyolikataa Jani la Sale

Wakubwa wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa chama chetu, poleni na shughuli za wiki. Mwenyekiti kaniambia nizungumze kwa kifupi kuhusu jambo lililowahi kunishinda. Kumwambia mwalimu mstaafu azungumze kwa kifupi ni kumwadhibu, lakini nitajitahidi. Sitamtaja mtu kwa jina. Mmoja wa nitakaowasema yupo humu ndani, nimemwomba ruhusa, akanijibu, "Sema tu, Mwalimu, ila usinipunguzie sifa." Mnaona mambo yake.

Mimi sikuumwa malaria, wala pombe haikunishinda. Niliumwa wivu, na nikaumwa vibaya.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba imejaa sokoni, bei ya kahawa imeanguka, mshahara wa mwalimu unaishia njiani kabla haujafika nyumbani. Nilikuwa meneja wa timu ya mpira ya huku kwetu juu mlimani. Kila siku ya pili ya Krismasi, watu wetu wakiwa wamerudi kutoka Dar na Arusha, niliandaa mechi ya hisani kwenye uwanja wa shule. Kiingilio kilikwenda kwenye zahanati ya masista. Akina mama waliuza mtori wa ndizi na pombe yetu ya mbege, timu iliyoshinda ikaondoka na beberu. Mimi nilipita katikati ya watu na filimbi shingoni, "Mwalimu! Mwalimu!" kila upande. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilipenda kuitwa vile kuliko nilivyoupenda mpira wenyewe.

Kisha akatokea yeye. Tulikua kitongoji kimoja, tukakaa dawati moja. Aliacha shule akaenda kuhangaika Holili, kule mpakani, akavusha hiki na kile mpaka akapata duka mjini, lori, na timu yake ya mpira. Mwaka mmoja naye akaandaa mechi ya hisani kwenye uwanja wa mjini, siku ileile, kwa ajili ya zahanati ileile. Jezi mpya, spika juu ya lori, bendi kutoka Arusha, kreti za soda zimepangwa hadi kichwani. Watu wakateremka. Kwangu wakabaki wazee na yule beberu wa zawadi.

Hata mke wangu, aliyeniaga kwamba anakwenda kumwangalia dada yake mgonjwa, alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, anaimba nyimbo za bendi.

"Dada yako kapona?" nikamuuliza.

"Kapona," akasema. "Tena kacheza sana."

Chekeni tu. Mimi nilicheka siku hiyo, ila sahani yangu niliirudisha jikoni imejaa. Tangu hapo nikisikia lori linapanda barabara yetu, moyo unanipanda nao. Wanafunzi wakitaja jezi zake nawapa hesabu ngumu. Mtu akisema "yule bwana ana moyo wa kusaidia," namjibu, "Ana moyo wa kuonekana." Na mimi je? Sikujiuliza.

Mwaka uliofuata sista mkuu wa zahanati akatuita wote wawili. Wodi ya wazazi ilikuwa imejengwa kuta tu, za matofali mabichi, haina hata bati moja. Kwenye chumba cha zamani akina mama walikuwa wanalala wawili kitanda kimoja, na mmoja alikuwa amejifungulia sakafuni. Sista akasema, "Masika ikinyesha kuta hizi zitayeyuka. Mkigawana watu tena nitapata nusu ya paa, na nusu ya paa haimfuniki mjamzito. Fanyeni mechi moja."

Tulikubali kwa mdomo. Tulipotoka nje tukaanza kubishana. Nani ni meneja? Mimi ndiye niliyeanzisha. Lori la nani, spika ya nani? Yake. Tukaachana pale kwenye migomba ya sista kila mtu na njia yake, na kila mmoja akaenda kutangaza mechi yake mlangoni pa kanisa.

Wiki moja kabla ya Krismasi akaja nyumbani kwangu asubuhi. Alifuatana na mjomba wangu mimi, kaka mkubwa wa mama yangu. Mkononi ana jani la sale.

Kwa ninyi mliooa au kuolewa huku kutoka kwingine, niwaeleze. Sale ndilo lile jani refu tunalopanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Mtu akikukosea, au akitaka mpatane, anakuletea jani hilo pamoja na mzee. Ukiletewa sale hukatai. Hata kama mtu kamwaga damu ya ndugu yako, unalipokea kwanza, mazungumzo baadaye.

Akaliweka mezani. Akasema, "Mwalimu, tufanye kwako. Uwanja wako, jina lako. Mimi nitaleta lori na bendi."

Jamani, alikuwa ananipa kila kitu! Lakini mtu mwenye wivu akipewa anaumia kuliko akinyimwa. Niliona anataka kunionyesha kwamba hata unyenyekevu anao kunizidi. Nikalisukuma lile jani kwa kidole, nikasema, "Mpelekeeni yule beberu, ana njaa."

 Mjomba aliiacha mbege yake mezani, akasimama, wakatoka. Mke wangu alikuwa mlangoni, akaniangalia kama hanijui.

Siku ya mechi uwanja ukajaa. Nilijua nimeshinda. Wachezaji wangu wakaja, wakavaa jezi, kisha wakakaa chini pembeni mwa uwanja. Nikapuliza filimbi. Hakuna aliyenyanyuka. Kapteni wetu alikuwa fundi mwashi, kijana mpole, mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Akanijia mikono nyuma.

"Mwalimu, shikamoo. Leo hatuchezi."

"Kwa nini?"

"Umekataa sale. Mama zetu wametukataza kucheza chini ya mtu aliyekataa sale. Tutavunjika miguu bure."

Watu wakaanza kuinuka. Walipita mbele yangu bila kunitazama, na kule chini spika ya mwenzangu ilikuwa inasikika. Mwisho nilibaki na chokaa ya mistari kwenye viatu.

Miezi miwili iliyofuata sitaki kuielezea sana. Kwenye mbege nikikaa, benchi linakuwa na nafasi. Kwenye msiba nikipewa kazi, ni ya kubeba maji peke yangu. Nayo mechi ya mwenzangu pekee haikutosha. Nusu ya paa, kama sista alivyosema. Februari mawingu yakaanza kukaa mlimani. Siku moja nikapita zahanati, nikamkuta sista na akina mama wajawazito wanafunika kuta kwa majani ya migomba. Mmoja tumbo limeshuka kabisa, anapanda kwenye jiwe ili afike juu. Sikuweza kupita. Niliweka baiskeli chini nikalia, mtu mzima, mchana kweupe.

Nikakata sale. Lakini huendi na sale peke yako, lazima mzee, na wazee wote walikuwa na udhuru. Ikabidi niende kwa mjomba yuleyule. Aliniacha nimesimama uani akimaliza kukamua ng'ombe wake.

"Beberu ameshiba?" akaniuliza.

"Nisamehe, mjomba."

"Ngoja nivae koti."

Tulimkuta mwenzangu dukani. Hakunikimbilia wala hakunikumbatia. Aliendelea kumhudumia mteja, akampimia kitambaa, akamfungia. Ndipo akalipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Mwalimu. Ila spika nitashika mimi."

Ndugu zangu, hilo ndilo lilikuwa tonge gumu kuliko yote, na nililimeza. Tulicheza Jumapili kabla ya masika, kwenye uwanja wangu. Yeye juu ya lori anatangaza, anasifiwa, anacheka na watu. Mimi nilipiga mistari na kuokota mipira iliyoingia kwenye kahawa. Bati zikapatikana, yule kapteni akaongoza mafundi, wodi ikaezekwa. Mvua ya kwanza iliwakuta akina mama ndani, pakavu.

Mjomba ameshatangulia, Mungu amrehemu. Nawashukuru wachezaji wangu walionigomea, maana wangecheza ningepotea kabisa. Namshukuru sista, na mke wangu aliyenivumilia, na ambaye bado anaimba zile nyimbo. Na wewe mwenye lori, uliyekaa kule nyuma unatabasamu, aika, asante sana.

Fundisho langu ni hili: ukimwonea mtu wivu, usijipe muda wa kutafuta makosa yake. Mwendee mapema, ungali unaweza kumwangalia usoni. Na msidhani nimepona kabisa. Wiki iliyopita, hapahapa, mlipomchagua huyu bwana kuwa mwenyekiti wa kamati ya michezo, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilichelewa kidogo, labda mmoja wenu aliniona. Lakini nilipiga.