Kiungo cha Reli ya Pembeni: Historia ya Maisha ya Siegmar Mättig

Mchungaji, ndugu na dada wa usharika wa Herrnhut, majirani na marafiki, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Siegmar Mättig, ambaye, kama ilivyo desturi yetu, alianza kuyaandika mwenyewe kwa mkono wake, akafika mwaka 2009, akaweka kalamu chini, nasi tumemalizia palipobaki.

Siegmar alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika kijiji cha Großhennersdorf, mtoto wa tatu kati ya wanne wa seremala Johannes Mättig na mkewe Hulda, akabatizwa tarehe 4 Aprili mwaka huohuo. Alisoma hapa Herrnhut kuanzia 1954 hadi 1964, na kwa kuwa wazazi wake walishikilia apate kipaimara kanisani, wala si kushiriki sherehe ya vijana ya serikali ya kikomunisti ya wakati huo, mlango wa masomo ya juu ulifungwa mbele yake, jambo ambalo hakulinung'unikia, alisema tu kwamba reli hazikumuuliza anasali wapi.

Alijifunza ufundi wa ishara za reli mjini Dresden, akahitimu Julai 1967, kisha akafanya kazi stesheni ya Löbau hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2008. Kwa miaka hiyo arobaini na moja kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba taa inayomruhusu dereva kupita inasema kweli, na wanagenzi wake wote, baadhi yao tuko nao hapa, aliwafundisha kukagua reli kwa mkono kabla ya kuiamini, hata kama waliikagua jana.

Tarehe 21 Agosti 1971 alifunga ndoa na Irmtraud Pech, wakajaliwa watoto wawili, Beate mwaka 1973 na Konrad mwaka 1976, wakaishi kwa utulivu hadi Irmtraud alipotutoka tarehe 2 Mei 2003. Nyumba ilikuwa kimya mno baada ya hapo, na Konrad ndiye aliyemshika mkono baba yake akampeleka kwenye chama cha reli ndogo za mfano cha hapa mjini, ambako alikutana na Mzee Lothar Noack, dereva mstaafu wa treni za mvuke, wakawa marafiki wa kutaniana, Lothar akisema, "Nyie watu wa ishara mlikuwa mnatusimamisha, halafu mnakwenda kunywa kahawa," naye Siegmar akijibu, "Na nyie madereva mlikuwa mnachelewa kutoka kitandani, mkifika mnasingizia ishara."

Wasioijua kazi ya chama wafahamu kwamba ndani ya kila kichwa cha treni ndogo mna kisimbuzi, kidude kisichozidi ukucha, kinachopokea amri kupitia reli, kikikumbuka namba ya kichwa hicho, jinsi kinavyoondoka, kinavyopanda mlima na kinavyosimama. Chama kilikuwa na vichwa thelathini na kimoja, na Mzee Lothar alikuwa amevipanga vyote, kitufe kwa kitufe, kwa miaka kumi na moja, mpaka kila kimoja kikatembea kama treni halisi aliyowahi kuiendesha. Mwaka 2009 mikono yake ilianza kutetemeka, vitufe vikamshinda, akasema ataacha kuja, ndipo Siegmar aliponunua kompyuta na kisanduku cha kuiunganisha na reli, ili Lothar aweze kukaa kitini na kusema anachotaka, na mwingine aandike.

Sasa tunasoma maneno ya marehemu mwenyewe, ambayo Konrad alijaribu kumshawishi ayafute, akimwambia, "Baba, habari za reli za kuchezea nani atazitaka makaburini?" naye akajibu, "Lothar atazitaka." Ameandika hivi: "Jumamosi tarehe 14 Novemba 2009, wiki mbili kabla ya maonyesho ya Majilio, niliweka kichwa namba kumi na mbili kwenye reli ya pembeni, ambayo nilikuwa nimeitenga na reli nyingine kwa kiungo cha plastiki kisichopitisha umeme wala amri, nikaiagiza kompyuta ikifutie kumbukumbu ili tuanze upya. Amri ilivifikia vyote. Nilipokiita kwa namba ya kiwandani, ambayo kila kichwa huirudia kikifutwa, vichwa thelathini na kimoja vilisogea kwa pamoja. Kazi yote ya Lothar ilipotea kwa sababu sikukagua reli kabla ya kubonyeza."

Kwenye mkutano wa Jumatatu mwenyekiti wa chama, Bi Gudrun Hempel, kwa huruma yake, alipendekeza, "Tuseme umeme ulikatika, jamani, nani atauliza?" lakini Siegmar alisimama akasema, "Ni mimi. Sikukagua," na Mzee Lothar, bila kumtazama, akasema, "Miaka kumi na moja, bwana, umeifyeka kwa kidole kimoja," akachukua koti lake akaondoka. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 29 Novemba vikitembea vichwa vinne tu.

Kuanzia siku iliyofuata mkutano ule, Siegmar alikwenda kugonga kwa Lothar siku tatu mfululizo ndipo akafunguliwa mlango, na kuanzia Desemba hadi Machi, kila Jumanne na Ijumaa mchana, wawili hao walikaa mbele ya kompyuta, Lothar akifumba macho na kusikiliza, akisema, "Huyu anaondoka kama kachomwa sindano, mpunguzie," au, "Bado, bado, wewe si ndiye uliyefuta, vumilia," naye Siegmar akiandika tena na tena, pengine mara ishirini kwa kichwa kimoja, hadi vyote vikarudi. Urafiki wao pia ulirudi, ingawa utani kuhusu kile kidole haukuisha kamwe.

Oktoba 2023 Siegmar aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa mjini Dresden, akaomba kurudi nyumbani, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na Beate na Konrad kando yake, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Jumatatu iliyopita Beate alimpelekea Mzee Lothar kurasa hizi, asije akaumia kuzisikia kwa mara ya kwanza hapa. Mzee alisoma, kisha akasema, "Msisome hivi, mwanangu. Kile kiungo nilikibadilisha mimi." Akaeleza kwamba Ijumaa ile, siku moja kabla, kichwa chake kilikuwa kinakwama penye plastiki, akaitoa akaweka kiungo cha chuma, akasahau kusema, na alipokumbuka, watu wote walikuwa wameshamgeukia Siegmar, aibu ikamfunga mdomo kwa miaka kumi na mitano. Ameomba lisomwe leo, nasi tumelisoma.

Jana jioni Beate alifungua daftari la kazi la baba yake, na kwenye ukurasa wa Jumanne tarehe 17 Novemba 2009 alikuta mistari hii: "Reli ya pembeni, nimekuta kiungo cha chuma. Si mkono wangu. Nimerudisha cha plastiki. Ningekagua ningekiona." Alimpigia simu Mzee Lothar akamsomea, na mzee akauliza, "Alijua, na bado akaniacha nimseme majira yote ya baridi?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa upole, Dada Christfriede aliyemhudumia nyumbani, majirani waliopika na kuondoa theluji mlangoni, mafundi wenzake wa Löbau, na wanachama wote wa reli ndogo. Mzee Lothar ametuomba asitajwe kwenye shukrani, ila asamehewe. Mzee wetu, tumetafuta namna ya kukujibu kwa niaba ya marehemu, tukaona alishakujibu siku ileile, kwa maana baada ya kuandika mistari hiyo alivaa koti lake, akaja kugonga mlangoni kwako.

Pumzika, Siegmar, na amani ya Bwana ikae nawe.