Siku Mama Tarehe Alipofunga Dirisha

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, dirisha namba mbili la dawa litafungwa na mtu ambaye amekuwa akilifungua kwa sehemu kubwa ya utumishi wake wa miaka thelathini na sita na miezi minne. Anastaafu kwa sababu umri umetimia, si kwa sababu amechoka. Kuchoka tumechoka sisi tuliojaribu kwenda na kasi yake. Kwenye faili ameandikwa majina matatu marefu, lakini wagonjwa, walinzi wa getini na hata mganga mkuu wanamwita Mama Tarehe, na ukimwita kwa majina ya kwenye faili hageuki.

Aliingia hospitali hii kama mwosha chupa. Enzi hizo dawa ya kikohozi ilichanganywa hapahapa, mgonjwa anakuja na chupa yake kutoka nyumbani, na chupa nyingine zilikuja zikinuka mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa kuzinusa, kuziosha, na kuzinusa tena. Mfamasia wa wakati huo aliona binti huyu anarudisha chupa ambazo wenzake wameshazipitisha, akamsukuma aende kusoma. Alikaa chuoni miaka miwili, akarudi na cheti, miwani, na ukali ambao hatujui kama ulikuwa kwenye mtaala.

Ni yeye aliyeanza kuchora jua na mwezi kwenye bahasha za dawa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Ni yeye aliyetenganisha rafu za dawa zenye maboksi yanayofanana, baada ya kutusumbua wiki nzima kwa kutufunga macho kwa kitambaa ili tuone jinsi ilivyo rahisi kukosea. Alipofanywa mkuu wa kitengo, miaka kumi na miwili iliyopita, alipewa ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka. Akakaa siku mbili, ya tatu akarudi dirishani, akidai kule ndani hasikii watu wanavyokohoa. Ofisi ikawa stoo ya mifagio.

Si malaika, jamani. Yeye na kompyuta walipigana hadi dakika ya mwisho, na kompyuta ilikuwa inashinda. Akihesabu vidonge huimba, na sauti hana, na ole wako umkatize. Hati yake ya mkono inasomwa na watu wawili tu duniani, mmoja wao akiwa ni yeye mwenyewe siku akiwa na miwani.

Jina la Mama Tarehe alilipata kwa swali moja. Hakuna mwanamke wa umri wa kuzaa aliyeondoka pale dirishani na dawa ya mafua kabla ya kuulizwa mara ya mwisho ameona siku zake lini. Vidonge vile vya mafua vina dawa tatu nne ndani ya kimoja, na baadhi si za kutumia hivihivi wakati mimba ni changa, pengine changa kiasi kwamba mwenyewe hana habari. Basi yeye anauliza. Alimuuliza bibi wa miaka sabini na mbili, bibi akacheka mpaka kikohozi chenyewe kikasahau kukohoa. Akamuuliza bwana mmoja aliyetumwa na mkewe. Bwana akapiga simu nyumbani, mke akamfokea kwa kumwaibisha mbele za watu, akakata. Kesho yake bwana alirudi na tarehe ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja, akaionyesha dirishani kama tiketi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nigombanie kuandika wasifu huu, maana katibu wa idara alikuwa ameshampa mtu mwingine, tena mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Nataka kuandika habari za msaidizi mmoja wa stoo ya dawa. Kwa kawaida mwandishi wa mambo haya hujificha, lakini nikijificha hapa nitakuwa narudia uongo wangu wa zamani. Msaidizi huyo ni mimi.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya mwezi wa tatu, na mara zote mbili nilikuwa nimeshatangaza, kwa hiyo mara zote mbili nilirudi kazini kupewa pole na kila mtu, mpaka na wauza matunda wa nje. Hii ya tatu mimi na mume wangu tuliapa kwamba atakayejua atajua kwa kuliona tumbo. Nilikuwa wiki ya saba wimbi la homa ya mafua lilipoipiga hospitali, nusu ya wauguzi wakalala chini. Jumatatu jioni likanifikia.

Jumanne asubuhi nilifika kazini mifupa inauma kama nimepigwa. Mama Tarehe akanitazama mara moja tu, akanitolea vidonge viwili vya mafua, vile vya rangi mbili, kisha akauliza swali lake. Nilitaja tarehe ya uongo bila kupepesa macho. Nilikuwa nimelisikia swali lile mara elfu, najua jibu lipi linapita. Nikachukua kikombe cha maji, nikaenda nyuma ya rafu, nikanywa maji, vidonge nikavitia mfukoni mwa koti.

Kosa langu lilikuwa la mtu wa kazi yetu, mtu wa nje asingeliweza. Vikaratasi vya ndani ya maboksi nilikuwa navijua kwa kichwa, na karibu vyote vinasema mjamzito amwone daktari kabla ya kutumia. Mimi nikaisoma sentensi ile kana kwamba imeandikwa asitumie. Asubuhi ile nilifungua maboksi kumi na manne, nikamaliza nimeamua kutogusa chochote, hata cha kushusha homa. Nitaivumilia, nikajiambia, mwili upigane wenyewe. Nilijiona mama shujaa kwelikweli.

Kilichoniumbua ni macho yangu. Vidonge vile vya rangi mbili vinalaza. Wiki iliyotangulia dereva wa gari la wagonjwa alivimeza saa mbili, saa nne tukamkuta amejikunja juu ya makatoni anakoroma. Mimi saa sita mchana nilikuwa nimesimama wima, macho makavu kama bundi, nahesabu sindano kwa sauti huku meno yanagongana. Mama Tarehe aliniangalia kutoka dirishani. Akaacha kuhesabu vidonge katikati, yeye ambaye angeweza kukung'ata ukimkatiza. Akaja, akatia mkono mfukoni mwangu kama anayempekua mtoto mwizi wa sukari, akatoa vidonge vyote viwili.

Nilijua nitafokewa. Hakufoka. Alikaa juu ya katoni la maji ya drip, akanipigia kofi katoni la pili nikae, akauliza swali lake upya, polepole, kama vile hajawahi kuliuliza. Nikasema wiki ya saba, nikamweleza na habari ya maboksi. Halafu nikalia, na makamasi ya mafua yakajiunga, aibu tupu.

Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa nukta tatu. Akakishika mbele ya macho yangu, akasema, "Maboksi yote umeyauliza. Na homa hii, umeiuliza?"

Nilikuwa sijaiuliza. Miaka mitatu nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba kilichojaa dawa, nikasahau kwamba ugonjwa nao una madhara yake. Akanieleza kwamba homa kali ikiachwa iunguze wiki zile za mwanzo si rafiki wa mama wala wa mtoto, na kwamba mafua ya aina ile huwaelemea wajawazito kuliko watu wengine, yanaweza kushuka kifuani. Kwa hiyo mimi sikuwa nachagua kati ya dawa na usalama kama nilivyojidanganya. Nilikuwa na hofu mbili mkononi, na nilihitaji mtu wa kuzipima pamoja nami. Mtu huyo, akasema, si yeye. Yeye ni mtoa dawa, na daktari wa kina mama yuko ghorofa ya juu.

Hapo ndipo akafunga dirisha. Saa sita na robo mchana, foleni imefika kwenye ngazi, akashusha kile kibao cha mbao ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimeshuka mchana. Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kwa sauti kama wao wengine si wagonjwa. Mama Tarehe akajibu, "Ni wagonjwa, baba. Hata mimi ninaye wangu," akanishika mkono tukapanda. Malalamiko ya siku ile yaliandikwa, yamo kwenye faili lake, na ninaomba uongozi uyaache humohumo.

Daktari alinisikiliza kifua, akachukua kipimo cha pua, akaniuliza historia yote. Akaniandikia parasetamoli ya kushusha homa, kwa kipimo chake, na vidonge vya kupambana na virusi vya mafua, vya siku tano, ambavyo alisema vinasaidia zaidi vikianza mapema. Alikuwa mkweli. Alisema wanawake wengi wameshavitumia wakiwa wajawazito na yaliyoonekana hadi sasa yanatia moyo, kwamba homa yangu inamtia wasiwasi kuliko vidonge, na kwamba kwa mimba ya wiki saba hakuna anayeweza kuniahidi lolote, nikimeza au nisimeze. Vile vya rangi mbili akasema vibaki rafuni.

Nikashuka na dawa mkononi, nikaingia kile chumba kidogo cha kukunjia bandeji, na sikuweza kumeza. Nilimwambia Mama Tarehe kwamba nikimeza halafu mtoto akatoka, nitajilaumu mpaka naingia kaburini.

Akavuta kiti akakaa. Kisha akanisimulia habari ambayo nimemwomba ruhusa kuiandika, akanipa kwa kichwa tu, bila neno. Mwaka wa pili tangu arudi kutoka chuoni, wifi yake, mke wa kaka yake, alimjia nyumbani na mafua na mimba ya miezi miwili, akataka ushauri. Naye, na cheti chake kipya, akamwambia avumilie tu, asiguse kitu. Wifi akavumilia siku sita. Akalazwa siku kumi na moja na nimonia, na mimba haikubaki. Kama ilikuwa homa au ingetoka tu, hakuna daktari aliyeweza kusema. Wifi hakuwahi kumlaumu, na hilo, aliniambia, ndilo linalomuuma zaidi.

"Watu wanadhani nauliza tarehe ili niwanyime dawa," alisema. "Nauliza ili wasiende nyumbani wakavumilia peke yao."

Halafu akasimama. Akaniambia uamuzi ni wangu, yeye kazi yake ni kuleta maji. Akaleta kikombe, akakiweka, akageuka kuutazama ukuta. Pale ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, na mtu mzima yule akasimama anaisoma kana kwamba ina habari mpya. Nikameza. Niliposema tayari, aligeuka akanifuta uso kwa bandeji ya hospitali, jambo ambalo angemfukuzia mtu mwingine kazi.

Homa ilishuka siku ya tatu. Hofu haikushuka. Kila wiki niliingia chooni na roho mkononi. Siku tano zile nilizolala nyumbani alinipigia simu kila asubuhi, anauliza joto ngapi, nikimjibu anakata bila hata kuaga. Siri yangu aliitunza hadi mwezi wa tano nilipotangaza mwenyewe pale stoo, na hapo akapiga vigelegele kuliko wote, akauliza kwa mshangao mkubwa imeanza lini. Mwongo wewe! Na siku niliyojifungua aliingia wodini amebeba trei ya dawa ambazo hakuna aliyeziagiza, akahesabu vidole vya mtoto, mikono na miguu, akiimba kwa sauti yake ileile mbovu, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Mama, kwa niaba ya idara nzima, asante. Umefundisha watu kumi na mmoja kazi hii, na wote kumi na mmoja sasa tunauliza lile swali, tunatukanwa kama ulivyotukanwa, tunaendelea. Huko uendako tunakuombea asubuhi zisizo na foleni, chai inayonywewa ikiwa bado ya moto, na wajukuu wa kuwachosha badala ya kutuchosha sisi. Ukitukumbuka njoo, ila uje upande wa wagonjwa, usije kupanga rafu.

Mwisho, neno langu mimi binafsi. Leo maua utakabidhiwa na msichana wa darasa la tatu, mwenye nywele za kusokota na magoti yenye makovu ya kupanda ukuta. Ni yeye. Nimemwambia tu kwamba wewe ni bosi wa mama yake, zaidi ya hapo hajui, na atashangaa kuona mama yake analia kwa sababu ya mtu kuacha kazi. Akikupa mkono, mama, usiuachie haraka.