Bi Samawati, Gari Lililosimama Kusalimia

Asalaam aleikum, wenyeji wa Dunda, nanyi wageni wetu wa Mapinga na Fukayosi. Shehe Abdulswamad ametuasa tangu jana kwamba gari haliswaliwi, nasi tumesikia. Tunasoma wasifu tu. Msomaji ni mimi Batuli, dada yake Khamis Bwanausi mwenye gari. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana baadaye kuna kazi.

Marehemu Bi Samawati, Corolla ya rangi hiyo hiyo, alizaliwa Japani mwaka 1998. Aliingia Dunda tarehe 14 Machi 2007, si kigori tena. Wifi yangu Sabiha alimpokea kwa ubani na marashi, mpaka majirani wakadhani kaka ameongeza mke.

Masomo ya awali aliyapata kwenye tope la Fukayosi. Adabu alifundishwa na kaka. Khamis hamwamkii mtu mzima huku anapita. Husimama kabisa, akazima injini, akateremsha kioo, ndipo akaamkia. “Shikamoo haitupwi dirishani kama ganda la ndizi,” husema. Basi safari ya Mapinga ilitaka subira na chakula cha njiani. Na marehemu alikolea jamani: akiona mvi mbele, anapunguza mwendo mwenyewe.

Kikazi, alibeba mananasi, mihogo na wajawazito wa mtaa huu. Husseni, yule pale anayejificha, alizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Mama yake alikuwa anasukumwa na uchungu, kaka anamwamkia mzee wa watu.

Marehemu hakuolewa, ila alisindikiza wenzake. Alimpeleka Sada, binti wa kwanza wa kaka, kwa mumewe, akampeleka na mdogo wake Ashatu. Kaka akamwahidi Jasmin, kitinda mimba wake, kwamba naye atatoka humo humo. Mtoto alikua na ahadi hiyo tangu hajajua kujitanda mtandio.

Maradhi yake yalikuwa chumvi ya bahari. Kutu ilianza milangoni, tukampaka rangi, tukaona amepona. Kumbe ilikuwa inamla chini kwa chini.

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025, pale Mapinga, kaka alimwona Bi Mwanajuma, mwalimu wake wa chuoni, kando ya barabara. Akasimama, akazima injini, mkia wa gari ukabaki barabarani. Hata hawajafika kwenye habari za wajukuu, bajaji ya mananasi ikamgonga marehemu nyuma. Si kishindo cha kutisha, na hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Dereva wa bajaji akashuka, akawaamkia wote wawili, ndipo akaomba radhi. Bi Mwanajuma akaitikia, “Marahaba. Sasa Khamis, wajukuu hawajambo?”

Fundi Masoud aliinama chini ya gari, akabonyeza kwa kidole. Kikapenya sakafu. “Mzee wangu,” akamwambia kaka, “hapa mlikuwa mnakalia rangi. Hili haliwezi tena kuendeshwa.”

Jasmin alilia, nami nikalia. “Dada zangu wametoka na Bi Samawati, mimi nitoke na gari la kukodi?” Kaka alikwenda akakaa ndani ya gari pale gereji, mikono kwenye usukani, na chakula cha mchana kikampita. Nilimhurumia sana. Hajapata kumvunjia mtoto ahadi.

Ndipo nikamwambia, “Khamis, maiti haendi kwa miguu yake. Hubebwa.” Akanitazama, kisha akacheka hadi machozi. Masoud akakubali: polepole, kwa mikono ya watu, atafika.

Ameacha mwenyewe Khamis, wifi yangu Sabiha, mabinti watatu, Husseni wake, na redio inayoshika stesheni moja.

Ndiyo maana leo mazishi na harusi vimekuwa kitu kimoja. Jasmin yule keshakaa nyuma na hina yake, Sabiha pembeni yake. Kaka yuko kwenye usukani. Sisi sote tutashika nyuma na ubavuni, tusukume kwa kupokezana, kama tunavyopokezana jeneza, kila mtu apate fungu lake. Bwana harusi yuko mtaa wa tatu tu, lakini njia nzima kuna wazee barazani, na Khamis ameshateremsha kioo. Mwambieni bwana harusi asubiri.

Bi Samawati atapumzika akishamfikisha mtoto. Haya, bismillahi, shikeni.