Jibu la Mara Moja

Katika basi la kutoka kliniki, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana: fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba, na mama aliyebeba kichanga cha wiki tano.

"Mimi sina wasiwasi," alisema fundi. "Kazini tuko sita, tumeshibana. Nikijifungua watakuja kwa zamu."

"Wangu walikuja wiki ya kwanza, dada. Wakapiga picha na mtoto, wakaenda zao."

"Labda hukuwaambia umeelemewa."

"Niliwaambia. Mmoja akanitumia kikatuni cha moyo." Nyuma yao nilitaka kucheka, nikajizuia. Mama akamgeukia fundi: "Mwenzenu wa mwisho kujifungua, wewe ulienda kwake mara ngapi?"

Fundi alitazama dirishani. "Mara moja. Kazi zilibana."

Mama hakumlaumu. "Nishikie kidogo," alisema, akampa mtoto, na usingizi ukamchukua yeye mama hapo hapo, mdomo wazi.

Fundi alimlaza mtoto juu ya tumbo lake, akatoa simu. "Ngoja nimpigie yule mwenzangu," alinong'ona, ingawa hakuna aliyemsikiliza ila mimi.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Basi liliposimama, ilikuwa bado inaita.