Mpaka Mambo Yakae Sawa

Ndugu waombolezaji, majirani, wazee mliofanya kazi na marehemu, na wewe Mjomba, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, uliyenikabidhi karatasi hii asubuhi ukanisisitiza niisome kama ilivyo, mimi ni mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake wa pili, kazi yangu ni fundi cherehani, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya bibi yetu, ambaye mji huu wote ulimfahamu kwa jina la Mama Mashuka. Karatasi nitaisoma, tarehe zake ni sahihi, Mjomba ni mwalimu mkuu na kwenye tarehe hakosei. Ila pale karatasi iliporuka, mimi sitaruka, na atakayeudhika aniudhikie mimi, siyo marehemu.

Bibi alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 katika mji huuhuu, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto saba wa seremala na muuza maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1948, akasoma hadi darasa la nne, na hapa karatasi inasema kwamba hakubahatika kuendelea na masomo. Bahati haikuwa na kosa lolote. Mwaka 1952 mama yake alijifungua pacha, baba yake akaamua kwamba binti mkubwa abaki nyumbani awashike wadogo zake mpaka mambo yakae sawa, na mwalimu wake, ambaye alikuwa akimsifia hesabu mbele ya darasa zima, alipomfuata nyumbani kumwulizia, akaambiwa arudi mwezi ujao. Huo mwezi hadi leo tunausubiri, na Bibi alikuwa na miaka kumi na tatu.

Tarehe 1 Juni 1959 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya mji, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 1994. Karatasi imeandika "alifanya kazi hospitalini," kana kwamba tunaona aibu, basi niseme alichofanya: alichemsha mashuka ya wagonjwa kwenye mapipa, akayasuuza damu na matapishi, akayaanika, akayapiga pasi, akayakunja na kuyapanga kwa wodi, kila shuka likiwa na uzi mwekundu pembeni wa kuonyesha linakokwenda, na sabuni ya pale ilimla kucha mpaka akawa hawezi kumenya chungwa bila kisu. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, linataka wawili, kila mmoja na pembe zake mbili, mnalivuta likaze, halafu mnafuatana mpaka mnakutana katikati, na Bibi alikuwa hodari wa kazi hiyo kiasi kwamba wenzake walimkwepa, kwa sababu ukilegeza pembe alikuwa anakusema mpaka unatamani kuacha kazi.

Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa na babu yetu, dereva wa lori, mtu wa mizaha, aliyependa kusema kwamba yeye ameoa mwanamke pekee anayetandika kitanda huku mume bado amelala ndani yake. Walijaliwa watoto watano, Mjomba akiwa wa kwanza, na wote watano walisoma kwa mshahara wa lori na wa mashuka. Babu alifariki kwa ajali tarehe 9 Novemba 1981. Baada ya hapo karatasi inasema kwamba marehemu aliamua kwa hiari yake kutoolewa tena ili awe na muda na familia. Ndugu zangu, kulikuwa na fundi umeme wa hospitali, aliyefiwa na mkewe, mwenye kofia, mliomfahamu mnacheka hapo nyuma, alimpenda Bibi kwa miaka mitatu, tena kwa heshima zote, na Bibi alimpenda. Wanawe walimkalisha kikao wakamwambia asiwaaibishe. Lakini kilichomshinda yule mzee siyo kikao, ni kwamba kila alipokuja kusalimia alikuta kuna mtoto mpya mlangoni na begi lake, na siku ya mwisho alimwambia Bibi, "Mimi nimekuja kuoa mke, wewe una bweni."

Hili ndilo ambalo karatasi imelitaja kwa mstari mmoja, kwamba marehemu "alijaliwa moyo wa kulea." Familia yetu ina desturi, na sitaki mtu ajifanye haijui. Mtu wa kwetu akiachika, akihamishwa kazi, akipata mchumba asiyetaka watoto, akienda masomoni, au akichoka tu, anamleta mtoto kwa Bibi asubuhi mapema, anakunywa chai haraka haraka, anasema ni kwa muda, mpaka mambo yakae sawa, halafu anaondoka wakati mtoto yuko chooni. Wa kwanza aliletwa mwaka 1983. Mimi nililetwa mwaka 1989 nikiwa na miaka minne, kwa wiki mbili, na nilitoka pale nikiwa na miaka ishirini na moja. Mama yangu amekaa safu ya pili, haya tulishaongea mimi na yeye, na alilia kama anavyolia sasa. Wajukuu na vitukuu kumi na tisa walipita katika ile nyumba ya vyumba vitatu, mbali na watano aliowazaa mwenyewe, na wengi wenu mnaovaa miwani myeusi leo mlifuliwa nepi na yule mama.

Mtoto mgeni akianza kulia jioni, Bibi hakumbembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza, alikuwa anachukua shuka chakavu la hospitali, anampa pembe mbili na kumwambia, "Shika, vuta, usinilegezee." Mikono ikishakuwa na kazi kilio kinapungua chenyewe. Tulikunja shuka moja tukalikunjua, tukalikunja tena, mpaka usingizi ukatushika tukiwa tumesimama, na mimi leo nikikata kitambaa dukani kwangu nafanya vilevile na wanafunzi wangu bila kufikiri.

Mnasema alipenda watoto. Alitupenda, ndiyo, lakini alichoka, na neno hilo halimo popote katika karatasi hii. Alipostaafu mwaka 1994 alikwenda kwa seremala akaagiza kitanda chembamba cha mtu mmoja, cha kwanza maishani mwake, kwa sababu alikuwa amelala na wadogo zake, kisha na mume, kisha na watoto wa watoto, na hakuwahi kujua usiku mzima bila mguu wa mtu mgongoni. Alitaka kitanda ambacho mtu wa pili haenei. Mjomba, unakumbuka ulichomletea mwezi uliofuata? Ulimletea binti yako mchanga, mkiwa mnagombana na mkeo, ukasema ni kwa muda, na Bibi akalala ukingoni mwa kitanda kile, mkono mmoja sakafuni asianguke, kwa miaka. Siku ya harusi ya mtu mmoja wa familia hii, wakati sote tunacheza ndani, nilimkuta jikoni peke yake amekaa juu ya ndoo, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi watu wananipenda kama kabati." Hapo nilicheka. Sasa hivi sicheki.

Yule binti wa Mjomba alikua, akapata kazi ya mapokezi hotelini, akazaa, na mwezi wa Februari 2020 akamleta na yeye binti yake, akiwa na miaka mitatu, kwa Bibi mwenye miaka themanini. Ndiye huyu aliyekaa hapa mbele karibu nami, ambaye Bibi alimwita Karani, kwa sababu simu ikilia ni yeye aliyekuwa akiipokea na kupeleka salamu. Kuanzia hapo, mtu akiuliza hali ya Bibi, jibu letu lilikuwa moja, kwenye simu, kwenye vikao, kwenye kundi letu la ujumbe ambako mnatumiana picha za maua kila asubuhi: Bibi hana shida, Bibi yuko na watoto. Watoto wenyewe walikuwa mmoja, na ana miaka sita.

Nakuja kwenye ugonjwa. Karatasi inasema kwamba Jumanne tarehe 12 Septemba 2023 marehemu alipata kiharusi ghafla na kukimbizwa hospitalini. Hakukimbizwa. Alianguka uani asubuhi akianika nguo, Karani akamwita hakuitika, na simu ikalia. Aliyepiga ni Mjomba, na Mjomba asinikatize, ameshakubali mbele ya kikao kwamba ni yeye. Karani alimwambia, "Babu, Bibi amelala uani na mdomo wake umepinda." Na Mjomba, mwalimu mkuu, mtu anayesikia mwanafunzi akinong'ona dirishani, alikuwa na wageni ofisini, akajibu, "Basi mwache alale, akiamka mwambie nimempigia." Mtoto ni mtiifu, akamwacha alale. Alichukua shuka akamfunika, akakaa chini kando yake kumfukuzia nzi, mpaka mchana, jirani yetu fundi viatu alipochungulia juu ya ukuta kuomba nyundo yake, akapiga kelele, akavunja lango, akambeba Bibi kwenye mkokoteni wa ngozi zake.

Alilazwa katika hospitali ileile aliyoifulia miaka thelathini na mitano. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, lakini ule mzima ulikuwa na vidole, na muuguzi alipotandika, Bibi alipapasa pindo la shuka, akakunja uso, na mimi nikamwambia muuguzi, mpole wa watu, kwamba mgonjwa analalamika halijakunjwa vizuri. Alhamisi tarehe 21 Septemba 2023, alfajiri, alituacha. Ameacha watoto watano, wajukuu kumi na saba, vitukuu kumi na mmoja, na binti mmoja mdogo ambaye tangu siku ile akimwona mtu amejilaza anamtikisa mpaka aamke.

Jana kikao cha familia kilikaa. Walijadili gari la kubeba jeneza, walijadili vipaza sauti, walibishana sana kuhusu rangi ya maua, na mwisho kabisa, watu wakiwa wameshasimama, mtu akauliza na huyu Karani je. Mjomba akasema mimi sina mume wala mtoto, nafasi ninayo, nihamie kwenye nyumba ya Bibi nikae na mtoto kwa muda, mpaka mambo yakae sawa, ili mlango wa familia usifungwe. Mlango wa familia! Watu wazima na akili zao wakaitikia kwa vichwa, wakachukua viatu vyao, na mwingine akaniuliza mlangoni kama mwezi ujao naweza kumshikia na wake mdogo.

Basi karatasi ya Mjomba imeishia hapa, naikunja naiweka mfukoni. Namwomba binti wa Mjomba asimame. Ndiyo, wewe, dada yangu, simama, watu wakuone, sikutukani, tulilelewa kwa chungu kimoja mimi na wewe. Bibi yuko hapa mbele yako na mwanao yuko hapa mbele yako, na kabla jeneza halijanyanyuliwa nataka jibu moja kwa sauti yako: leo unaondoka na mtoto, au huondoki naye?

Sema kwa nguvu, nyuma hawasikii.

Amesema nimpe mpaka Desemba.

Asante, dada, umejibu, na wote mmesikia. Jibu langu ni kwamba sikupi. Karani sikai naye kwa muda, sikai naye mpaka lolote likae popote, kuanzia leo ni mwanangu, tunaondoka wote kwenda kwangu, kule kwenye cherehani zangu, na ukija Desemba utapokelewa vizuri, utawekewa kiti, utakunywa chai kama mgeni na utaaga kama mgeni, na yeye atakuwepo sebuleni akikuona unaondoka. Nyumba ya Bibi naifunga jioni ya leo. Mwenye mtoto amlee, anayeshindwa aje kwa miguu yake aseme nimeshindwa, tusaidiane kama watu, lakini begi nitakalolikuta mlangoni nitalirudisha kwa mwenyewe kwa basi la kwanza, na mtoto akiwa amekaa juu yake nitamsindikiza mwenyewe, na nitaeleza kwa sauti njia nzima.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao walimgeuza Bibi kila alipohitaji kugeuzwa bila kuchoka. Nawashukuru wafanyakazi wa chumba cha kufulia, wa zamani na wa sasa, waliokuja na shuka jipya jeupe alilovikwa leo, na wakalikunja wawili wawili kama anavyotaka. Nawashukuru majirani, na zaidi ya wote fundi viatu, aliyevunja lango ambalo sisi wenye funguo hatukulifungua. Karani, simama mwanangu, nipe mkono, tumuage Bibi.

Pumzika sasa, Bibi yetu, kwa amani ambayo sisi wa damu yako hatukukupa hata siku moja.