Mkemia wa Vumbi na Pazia la Mumewe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha saruji. Kila kiangazi upepo ulileta vumbi la jangwani likakutana na moshi wa mji, na macho ya watoto yakawasha zaidi adhuhuri kuliko alfajiri. Binti huyu alitaka kujua kwa nini.

Alisoma shule za misheni, ambako masista walimkumbuka kwa maswali yake, si kwa utulivu wake. Alihitimu shahada ya kemia mwaka 1982.

Kuanzia mwaka 1983 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifanya kazi katika maabara. Humo alitia vumbi la jangwani katika pipa la kioo, akaingiza hewa chafu ya magari, akasubiri. Gizani mambo yalikwenda polepole mno. Alipowasha taa yenye mwanga kama wa jua, madini ya vumbi yaliamka, na hewa ile ikageuka asidi upesi. Kipimo cha gizani hakikuvumilia hata ufa wa mwanga. Ndiyo sababu alikwenda kwa fundi cherehani kuagiza mapazia meusi.

"Dada, huko kazini mnafuga popo?" fundi aliuliza.

"Tunafuga vumbi. Ukiacha tundu la sindano, nitakurudishia."

Aliyarudisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kudhoofu. Daktari alimkataza kutoka nje siku za vumbi, na siku hizo zikawa nyingi. Mumewe, aliyemsikia miaka yote akionya juu ya jua la adhuhuri, alifunga dirisha, kisha kwa upendo akashona pazia zito. Dada yetu akakaa chumbani humo kama vumbi lake katika kipimo cha gizani. Tulipomtembelea tulinong'ona, kana kwamba sauti nazo zina vumbi.

Tarehe 11 Februari 2024 asubuhi, pumzi zikiwa fupi, alimwita mumewe.

"Baba watoto, dirisha linazuia vumbi. Hilo pazia linazuia nini?"

"Jua, mama watoto. Si wewe uliyesema ndilo linaloamsha sumu?"

"Jua halina kosa. Kosa ni la moshi tunaourusha. Literemshe, nikuone."

Fundi alisita, akiogopa kumwua kwa mkono wake. Kisha akapanda kiti, akaliteremsha. Dirisha likabaki limefungwa. Mwanga ukaingia hadi kitandani.

"Kumbe umezeeka hivi," dada alimwambia, akacheka mpaka akakohoa. Aliaga dunia saa nne, mwanga ukiwa mikononi mwake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na sisi ndugu zake. Pazia halijarudishwa mahali pake. Bwana amlaze kwa amani, palipo na mwanga usiozibwa.